Kidole cha Shangazi na laini isiyo yake

Juzi jioni nilinunua bagia pale Ngamiani, hapa Tanga mjini, mama akanifungia kwenye karatasi kama kawaida. Nilipozimaliza nyumbani ndipo nikaona ile karatasi ni kopi ya fomu ya mtu: jina la mwanamke, namba ya simu, mtaa anaokaa, jina la mdhamini wake, na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zote 20. Ilikuwa imelowana mafuta katikati lakini kila kitu kilisomeka. Nikaichana vipande vidogo vidogo. Muuza bagia simlaumu, yeye anatafuta cha kufungia biashara yake na karatasi anauziwa. Ninayemuuliza ni yule aliyeipokea fomu ile mezani kwake, akamwambia mwenyewe "acha kopi hapa", kisha hakujali inaishia wapi.

Wengi hawajawahi kuiangalia vizuri namba ya NIDA. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Sasa chukua simu za watu wa nyumbani kwako uwaulize namba zao za siri za pesa wamezitoa wapi. Mwaka wa kuzaliwa! Kama si wa kwake, basi wa mtoto wa kwanza. Namba ya tarakimu nne ina mipangilio 10,000, lakini mwenye kopi ya kitambulisho chako hana haja ya kuhangaika na yote hiyo. Na hata asipoigusa namba ya siri, anaweza kukupigia akakutajia majina yako matatu na mtaa wako, akasema mwanao ameanguka shuleni, inatakiwa hela ya gari haraka. Mzazi gani atasimama kufikiri? Watu husema fulani ametapeliwa kwa sababu ni mjinga. Mimi hilo silikubali kabisa. Ametapeliwa kwa sababu aliyempigia alikuwa anamjua, na alimjua kupitia karatasi.

Sizipingi huduma hizi. Shangazi yangu wa Makorora analetewa hela na mwanawe aliyeko Dar, na kabla hajamaliza kushukuru kwenye simu meseji imeshaingia. Umeme ukikata usiku ananunua LUKU akiwa kitandani. Kabla M-Pesa haijaanza hapa nchini mwaka 2008, hela ya mtu wa Tanga ilikuja kwenye bahasha kwa mkono wa kondakta, nawe unakwenda stendi kusubiri basi, likichelewa unachelewa nalo. Hakuna anayetamani kurudi huko.

Ninachosema ni kwamba kila tangazo la usalama linazungumza na Shangazi peke yake. Usimpe mtu namba yako ya siri. Usitume hela kabla hujasoma jina. Usibonyeze usichokijua. Yote ni kweli, na hilo la jina namkumbusha kila siku, kwa kuwa jina la anayepokea linatokea kabla hujakamilisha kutuma, na hapo ndipo pa kusimama. Lakini wale waliokusanya alama za vidole vyake na kopi zake nani anawasemesha?

Shangazi alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Muheza tangu akiwa msichana, akianika singa na kuzifunga. Baadaye akaja mjini, akawa anafua nazi na kupika mikate ya kumimina. Ukimshika mkono utaona ncha za vidole zimekuwa laini na zinang'aa, ile mistari imesagika. Serikali ilipotaka laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole, tarehe ya mwisho ikiwa 31 Desemba 2019 kisha ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, nilimsindikiza. Kijana wa usajili alikuwa amekaa chini ya mwavuli, foleni ndefu, jua la saa saba. "Weka dole gumba, mama. Haijasoma. Pangusa. Weka tena. Lete cha shahada. Tena." Shangazi alikuwa akipangusa kidole kwenye khanga, anakirudisha, anapangusa tena, uso umejaa haya kama vile kutosomeka ni kosa lake. Mwishowe ikakubali.

Tangu hapo alizoea. Kila penye kile kidude cha kusoma vidole yeye hutoa mkono mwenyewe na kurudia hadi aambiwe basi. Mwenye tabia mbaya hapo hahitaji ujuzi wowote wa kompyuta. Anasema "haijasoma" wakati imeshasoma, mama anaweka tena, na alama ile ya pili inasajili laini nyingine ambayo itauzwa kwa mtu asiyetaka kujulikana. Kijana mwenye vidole vizima angeuliza mbona unarudia. Mtu ambaye vidole vyake vimekataliwa mara nyingi haulizi. Hili ndilo linaloniuma.

Jumapili nilikwenda kumsalimia, tukapiga *106# kwenye kitochi chake kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Zikaja namba mbili. Moja ni yake. Nyingine hakuitambua, wala wanawe hawakuitambua. Akaniangalia.

"Kwa hiyo mwanangu, huyo mtu akiiba, mwizi ni mimi?"

"Hapana, Shangazi. Lakini wakimtafuta, wataanzia kwako."

Alinyamaza akaendelea kuchambua mchele. Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa. Fikiria mwanamke wa umri wake anaitwa kituoni kujibu kosa la mtandao, kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, wakati yeye meseji husomewa na mjukuu.

Sheria ya kumkinga ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Inamtaka anayekusanya taarifa zako ajisajili, akwambie anazitaka kwa ajili gani, azitunze, na asizitumie kwa jambo jingine. Ningependa sheria hii ifike chini ya mwavuli. Ifike steshenari, ifike kwenye ofisi za mikopo za mitaani zinazodai kopi tatu za kitambulisho kwa mkopo wa elfu hamsini. Siku hizi nikidaiwa kopi naandika kwa kalamu juu yake, kukatiza kwenye picha, "kwa maombi ya jambo fulani tu" na tarehe. Wengine hununa. Wacha wanune. Na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" sizifuti, naziripoti kwa kuzituma kwenda 15040, na namba ya huyo tapeli naituma pia.

Jumatatu nilimchukua Shangazi hadi duka la mtandao husika tukaombe laini ile ifungwe. Dada wa kaunta alikuwa na heshima, alimpa kiti, akamwamkia vizuri. Akasema ili laini ifutwe lazima mwenye kitambulisho athibitishe kwa alama ya kidole. Shangazi akatoa mkono. Dole gumba halikusoma, cha shahada hakikusoma, tukahamia mkono wa kushoto. Safari hii nilisimama ubavuni mwake nikiitazama skrini kila alipoweka, na kila ilipoandika imeshindikana nilimsomea kwa sauti ajue. Dada hakuchukia, baadaye akaigeuza skrini yenyewe ili Shangazi naye aione. Haikukubali. Tumeandikiwa turudi Alhamisi, msimamizi awepo, na laini ile hadi naandika hapa bado iko hewani kwa jina lake.