Mwalimu Park alitoka

Kifungua mimba alinijibu maneno matatu Jumamosi usiku, na mpaka leo hayajanitoka. Wiki yenyewe ilijaa: wathibiti ubora wamekuja shuleni na kuondoka, wifi amejifungua salama kule Ifakara, mkuu wetu wa shule amepata uhamisho. Hayo yote nimeyapokea, nikashukuru, nikaendelea na shughuli. Yale maneno matatu ndiyo yamegoma kuondoka.

Mjomba wa watoto wangu alikuja kwa semina, akafikia kwetu, na kwenye laptop yake alikuwa na ile tamthilia ya Kikorea ya mazombi ambayo watoto walikuwa wakinililia tangu mwaka jana, All of Us Are Dead. Vipindi 12, ilitoka Januari 2022. Nilikuwa nimekataa kwa sababu ya Kitinda, mnajua usingizi wake. Safari hii nilishindwa kura. Laptop ikawekwa juu ya stuli, waya wa chaja ukawa unachomoka kila Kitinda akiruka, mihogo ya kukaanga katikati kwenye sinia, na Baba watoto akajifanya anasoma gazeti kwa dakika kumi hivi kabla hajasogeza kiti.

Kama hamjaiona, inaanzia shuleni. Mji unaitwa Hyosan, wa kubuniwa. Mwalimu wa sayansi, Lee Byeong-chan, ametengeneza kirusi kwa sababu mwanawe alikuwa akionewa na wenzake na shule ikafumba macho. Alitaka hofu ya mtoto igeuke hasira. Kipanya cha maabara kikamng'ata mwanafunzi, na kabla ya jioni shule nzima ni mazombi, imebaki mikusanyiko midogo ya watoto waliojifungia vyumbani.

Mazombi hayaangaliwi kimya. Mjomba ana tabia ya kuwaamrisha wahusika: funga mlango, acha begi, usirudi, mwachie huyo. Kitinda anasoma maandishi ya Kiingereza kwa kuungaunga, mto umemziba nusu ya uso. Na kila kosa likifanyika, nyumba nzima inatoa hukumu. On-jo, mmoja wa wale wanafunzi, alipomshikilia rafiki yake I-sak pale dirishani, I-sak ameshang'atwa, ameshageuka, na yeye hataki kuuachia mkono, mjomba alisimama kabisa. "Mwachie! Huyo si mtu tena!" Kifungua mimba naye akasema darasani kwao wote wanamchukia On-jo, eti analia sana na anachelewesha wenzake.

Mimi sikumchukia. Rafiki yake mkubwa, asubuhi ile ile walikuwa pamoja wanacheka. Sisi tulioketi na mihogo tumeshajua ni mazombi kwa sababu tumesoma hata jina la tamthilia. Yeye ndiyo anajifunza dakika ile, mkono wa mwenzake ukiwa bado mkononi mwake. Mtu anayetaka binti wa miaka kumi na kitu amwachie rafiki yake haraka haraka, sijui anataka kuangalia nini.

Lakini siyo On-jo aliyenikosesha usingizi. Ni Mwalimu Park, mwalimu wao aliyekuwa nao chumbani.

Kuna msichana anaitwa Na-yeon. Ana maneno ya dharau, na zaidi anamdharau mwanafunzi mwenzake Gyeong-su kwa sababu familia yake inaishi kwa msaada wa serikali. Gyeong-su ana jeraha mkononi, Na-yeon anashikilia kwamba ameambukizwa. Wakamtenga kwenye chumba kidogo cha pembeni, wakasubiri, hakugeuka. Basi Na-yeon akamwendea kama anaomba radhi, na leso yenye damu ya zombi akampitishia kwenye jeraha. Kijana akageuka mbele ya marafiki zake. Nam-ra, mwenzao mwingine, alikuwa ameona, akasema. Kila mtu akamgeukia Na-yeon, naye akafungua mlango akatoka.

Mwalimu Park akatoka kumfuata.

Hapo sebule ililipuka. Mjomba alipiga paja. "Mwalimu gani huyu! Anaacha chumba kizima cha watoto anamfuata muuaji!" Baba watoto akaunga mkono, wale ndani ndio wasio na hatia, hesabu haiko upande wake. Nikasema nilivyoamini: yule msichana naye ni mwanafunzi wake. Mjomba akasema mwanafunzi wake aliyeua. Nikasema aliyeua na mwenye hofu, na yuko nje peke yake, na hakuna rejista yenye safu ya watoto wasiostahili kufuatwa.

Kifungua mimba hakuinua macho kutoka kwenye laptop. Akasema, "Mama angetoka."

Kitinda akatoa mto usoni. "Angetuacha?"

Hakuna aliyemjibu Kitinda. Mimi nikamwambia dada yake, "Ndiyo, ningetoka."

"Najua, mama. Tumezoea."

Akachukua sinia tupu akaenda jikoni. Kipindi kikaendelea. Mwalimu Park hakurudi tena kwenye kile chumba, kama mnavyoweza kukisia, na mjomba akasema "Mmeona!" kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Tangu hapo nairudia ile sekunde. Namsikia akisema kwa uchovu. Kesho yake naisikia kwa fahari, maana kulikuwa na kitu kama tabasamu, au ni mwanga wa laptop tu. Jumatatu nikiwa kwenye daladala niliisikia kama lawama kabisa, nikashuka kituo cha mbele. Alisema "tumezoea", hakusema "nimezoea". Ina maana wameshaongea yeye na Kitinda, jambo hili lina kikao chake huko chumbani kwao ambacho sijawahi kualikwa.

Wasomaji wa siku nyingi mnamkumbuka yule kijana wa kidato cha pili niliyemwandika mwezi wa Machi, aliyeiba simu bwenini akatoroka, na mimi nikapanda bodaboda mpaka Mikese na mvua yote ile kumtafuta. Jioni hiyo Kifungua mimba alikuwa anaimba peke yake parokiani kwa mara ya kwanza. Nilifika wakati watu wanakunja viti. Kijana yule amerudi shule, amefanya mtihani wa nusu muhula, ana daftari safi kuliko wengi. Ningeambiwa nichague tena ningepanda bodaboda ile ile. Binti yangu analijua hilo vizuri, na sasa naona ndicho alichokuwa akikisema.

Ofisini Jumanne niliwauliza wenzangu, maana wawili wameiona. Mwalimu wa fizikia akasema kutoka nje ni upumbavu, watu kumi hawatolewi sadaka kwa ajili ya mmoja. Mwalimu wa Kiswahili, mama mtu mzima, anayestaafu mwakani, akasema watu wanamhukumu Mwalimu Park kwa matokeo. Angerudi na yule msichana mkononi, tungemwita shujaa, na uamuzi ungekuwa ule ule. Kisha akaongeza kitu ambacho sikuwa nakijua: dada aliyeigiza kama Na-yeon, Lee Yoo-mi, ndiye yule aliyekuwa kwenye Squid Game, tamthilia nyingine ya Kikorea, mchezaji namba 240, aliyekubali kufa kwenye mchezo wa gololi ili mwenzake aendelee. Miezi michache tu kati ya tamthilia hizo mbili. Watu waliomlilia Septemba 2021 ndio hao waliomtukana Januari. Sura ile ile.

Na Na-yeon mwenyewe, watu wanaishia pale kwenye leso. Wanasahau kwamba baadaye alikuta chakula kwenye stoo alimojificha, akakaa peke yake na alichokifanya, akakijaza chakula kwenye begi awapelekee wenzake waliomfukuza kwa macho. Gwi-nam, mwanafunzi mwonevu, akamuua kabla hajawafikia. Aliamua kurudi. Alichelewa, lakini aliamua, na siamini angeamua hivyo kama hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewahi kufungua mlango kwa ajili yake. Hilo nililisema ofisini kwa sauti kubwa mno, mwalimu wa zamu akachungulia.

Mpaka hapo nilikuwa na hasira tu. Kilichonigeuza ni meli.

Malalamiko makubwa ya watazamaji, hata mjomba, ni kwamba wale watoto wanahamahama. Kwa nini wasikae pale walipo wangoje waokoaji? Sasa, Wakorea wengi walioangalia waliona kitu ambacho sisi hatukioni. Tarehe 16 Aprili 2014 meli ya Sewol ilizama ikitoka Incheon kwenda Jeju. Ndani yake walikuwemo wanafunzi 325 wa sekondari ya Danwon na walimu wao, safari ya shule. Meli ikaanza kulala upande, na kipaza sauti kikatangaza abiria wabaki walipo, wasitembee. Watoto wakatii. Nahodha akatoka mapema. Walikufa watu 304, na 250 kati yao ni wanafunzi wale. Kwenye simu zao zilizopatikana kulikuwa na video na salamu kwa wazazi. Ukijua hivyo, halafu ukaona watoto wa Hyosan wanajirekodi kwa kamera mmoja mmoja wakiaga nyumbani, na ukaona helikopta ya jeshi inawaacha juu ya paa kwa amri ya wakubwa baada ya kukaa wakingoja kama walivyofundishwa, huwezi tena kuuliza kwa nini hawatulii. Wametulia. Walioagizwa kuwafuata ndio hawakuja.

Nilisoma habari za walimu wa Danwon mpaka taa ikakatika. Walikuwa 14. Vyumba vya wengi wao vilikuwa juu, pepesi kutokea, na wengi walishuka chini kwa watoto. Kumi na mmoja walikufa. Makamu mkuu wa shule aliokolewa, na siku mbili baadaye alijiua. Wawili kati ya waliokufa walikuwa walimu wa mkataba, na kwa sababu ya mkataba huo serikali ilikataa kuwahesabu kama waliofia kazini. Wazazi wao walipigania jambo hilo kwa miaka mitatu, hadi 2017 ndipo wakakubaliwa. Mimi nilianza kwa mkataba. Miaka ile ningeshuka zile ngazi, na nyumbani wangeletewa barua ya kueleza kwamba sikuwa mwalimu hasa.

Alhamisi jioni tulikuwa jikoni, mimi na Kifungua mimba, tunachambua mchele wa Kilombero ulioletwa na mama mkwe, wenye chuya nyingi mwaka huu. Nikamsimulia. Meli, tangazo, walimu walioshuka ngazi. Sikutaja Jumamosi. Aliendelea kusogeza punje kwa kidole, mbovu huku, nzima huku, na nikadhani hasikilizi.

Akauliza, "Hao walimu walikuwa na watoto?"

Nikasema bila shaka baadhi yao walikuwa nao.

"Watoto wao walikuwa wapi siku hiyo?"

"Shuleni, nadhani. Ilikuwa asubuhi."

"Na mwalimu wao akaambiwa abaki nao?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia ndiyo, nafikiri kuna mwalimu mahali fulani alibaki nao darasani siku hiyo mpaka ndugu walipofika. Akanitazama, akatikisa kichwa taratibu kama anakubali nusu. Kisha akasema anaona On-jo angemwachia I-sak kama angekuwa na mtu mzima pale wa kumshika yeye. Tukarudi kwa On-jo, tukabishana juu ya rafiki yake Cheong-san, kama alikuwa na haja ya kubaki kupambana na Gwi-nam wakati mabomu ya jeshi yanakuja. Yeye anasema alikuwa nayo, alishang'atwa. Alibishana kwa mikono miwili, punje zikaruka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nilicheka.

Nimemwomba nyimbo za Jumapili ijayo za parokiani, na ratiba nimeibandika kwenye kabati la sahani. Kitinda naye nimemjibu lile swali lake, maana alikuwa bado analisubiri. Nimemwambia nikitoka nitamwachia dada ufunguo na nitasema naenda wapi. Akauliza kama mazombi yanajua kusoma ujumbe. Nikasema hayajui. Akaridhika.

Usiku huu kinachonisumbua ni kingine kabisa. Mjomba wa Kilosa kapiga simu, viwavijeshi vimeonekana shamba la jirani, lililopakana na mahindi yetu. Dawa lazima ipigwe sasa hivi wangali wadogo, wakishaingia kwenye moyo wa mmea haiwafikii tena, na ipigwe alfajiri au jioni, siyo mchana. Hela ya dawa niliyonayo ni ile ya kumpelekea wifi zawadi ya mtoto. Yeye anasema nitume leo. Baba watoto anasema tusubiri tuone kama kweli vimevuka mpaka. Mahindi yana urefu wa goti.