Siku moja ndani ya bawa la C-47

Saa 1 asubuhi nafungua milango ya hanga na kuizunguka ndege kabla ya chai. Ni C-47, aina ileile iliyowashusha askari wa miavuli Normandy mwezi Juni 1944. Tunataka iruke tena.

Saa 2 ni ribiti, misumari ya kuunganishia bati za ndege. Za sehemu zinazobeba uzito tunazichoma kwenye tanuri, tunazizimisha kwenye maji, kisha zinaingia frizani ili zibaki laini. Ukiitoa una dakika chache tu. Ikishakakamaa, ukiipiga hupasuka. Mwenzangu anatambaa ndani ya bawa na kipande cha chuma cha kukingia, mimi niko nje na nyundo ya upepo. Hatuonani, kwa hiyo anagonga bati: moja ni ongeza, mbili ni imekaa, tatu ni itoe.

Hadi saa 6 tumepiga 40. Mbili nilizitoa kwa drili ingawa mwenzangu aliona zinafaa. Vichwa vilikaa upande kidogo, na hapo ndipo bawa la nje linapofungwa kwenye lile la katikati. Tukishafunika, itapita miaka mingi kabla ya mtu kupaona tena.

Saa 8 mchana, baada ya chakula, injini ya kushoto. Ina silinda 14 katika duara mbili za saba saba, na ikikaa bila kuwashwa oili huteremkia zile za chini. Tunahakikisha swichi za magneto, zinazotoa cheche za kuwasha injini, zimezimwa, tunazungusha propela kwa mkono huku tukihesabu kila panga linalopita. Panga la tisa likagoma. Kijana anayejifunza kwetu akataka kuirudisha nyuma. Nikapaza sauti, "Acha!" Ukirudisha, oili inakimbilia kwenye bomba la hewa; siku ya kuwasha inavutwa tena ndani, na kwa kuwa oili haishindiliki, mkono wa pistoni unapinda. Tukafungua plagi za chini. Ikatiririka nyeusi, karibu kikombe kizima.

"Fundi, ningekuwa peke yangu ningeirudisha."

"Ndiyo maana hushiki propela peke yako."

Saa 11 ni kuandika: namba ya kila kipande, nani alikifunga, nani alikagua. Nimeandika pia zile ribiti mbili.

Saa 12 jioni tunaizungusha tena, panga baada ya panga. Safari hii inapita, na kila silinda inasikika ikishindilia hewa yake. Za kesho zimo frizani.