Bibi na chai ya mchaichai

Nimetoka Welezo sasa hivi, makao ya wazee.

Bibi alikuwa amejilaza nusu, anakunywa chai ya mchaichai, akapaliwa.

Chai ni nyepesi, inateremka mbio kabla koo la mzee halijafunga njia ya pumzi. Ikiingia mapafuni, huweza kuleta homa ya mapafu.

Basi aketi wima, kidevu akiinamishe kidogo. Tumieni kijiko kidogo. Ngojeni ameze kwanza, ndipo mumpe kingine. Akishamaliza asilale, akae nusu saa. Akikohoa kila mlo, daktari amuone.

Alipokaa sawa, kikombe akakishika mwenyewe kwa mikono miwili. Vidole vinatetemeka, lakini hakutaka kusaidiwa. Mwacheni ashike!

Jamani, wazee wenu mnawanywesha vipi?