Nilivyoonyesha mchezo wangu ukiwa bado jikoni

Ukimwonyesha Mtanzania kazi yako ya sanaa, atakupongeza. "Hongera dada, umetisha." Makofi, picha mbili tatu, kila mtu anakwenda zake. Maoni yenyewe utayapata baadaye kwa mtu wa tatu, kwamba fulani alisema ule mchezo ulimchosha. Kwa kazi iliyokwisha hilo halina neno. Kwa kazi ambayo haijaiva, hongera haikupi pa kushika.

Mimi nilikuwa na mchezo wa mtu mmoja, unaohusu kungwi anayewafunda maharusi kwenye kicheni pati kila Jumamosi, wakati ndoa yake mwenyewe imemshinda. Nusu ya kwanza ilikuwa inasimama. Nusu ya pili ilikuwa hotuba, na nilijua ni hotuba, ila sikujua inaanzia wapi. Wenzangu nao walikuwa wamekwama. Tulikuwa kikundi kidogo cha wasanii chipukizi hapa Dar es Salaam: mchoraji, mshairi anayeimba, mimi, na mcheza dansi mmoja asiyejihesabu mwanamke wala mwanamume. Tukaamua tuwaite watu wa nje waone kazi zilivyo, bila kuzipamba.

Mahali tulibishana. Nafasi Art Space ipo pale Mikocheni tangu 2008 na ni nyumbani kwa wasanii wengi, lakini mimi nilitaka pasiwe na jukwaa kabisa. Taa zikishawashwa mtazamaji anakaa kama mteja, anasubiri kuhudumiwa. Tukachukua ua wa nyumba ya rafiki, Sinza, tukatandika mikeka na kupanga viti vya plastiki kwa wenye magoti mabaya. Kiingilio hakikuwepo. Sambusa na juisi ya ukwaju tulichangishana.

Kazi kubwa ilikuwa kuchagua watu. Wasanii wakialikana wao kwa wao, jioni nzima inageuka ya mbinu: mwanga, pumzi, sauti haifiki nyuma. Nilitaka wanaoyajua mambo yenyewe. Kwa hiyo nilimwalika mama mmoja wa Magomeni, rafiki wa mama yangu mdogo, ambaye ni kungwi kweli na anaitwa huku na huko kufunda. Wote tunamwita shangazi. Nikaalika na binti aliyekuwa karibu kuolewa, na jirani ambaye hajawahi kuona mchezo wa kuigiza zaidi ya ule wa kwenye runinga.

Kanuni ya simu tuliichukua hukohuko kwenye kicheni pati. Kungwi anapoanza maneno yake, MC huwaomba watu waweke simu chini, na bado vipande huvuja WhatsApp. Sisi tuliweka kikapu mlangoni, simu zote humo, hata zetu. Haikuwa kwa ajili ya kuficha kazi mbichi tu. Yule mwenzetu mcheza dansi hana sababu ya kuwa mada kwenye status za watu asiowajua, na katika nchi yetu mada ya namna hiyo haiishii kwenye status. Walioalikwa waliambiwa hili mapema, ili asiyekubali asije. Hakuna aliyegoma.

Utaratibu wa kuzungumza sikuubuni mimi. Kuna Mmarekani, Liz Lerman, mtunzi wa dansi, ambaye tangu 1990 amekuwa akifundisha njia yenye hatua nne: kwanza watazamaji wanasema kilichowagusa au kuwakaa kichwani, kisha msanii anauliza maswali yake, kisha watazamaji wanauliza maswali yasiyobeba hukumu ndani yake, mwisho kabisa ndipo maoni, tena kwa kuomba ruhusa ya msanii. Hatua ya tatu ndiyo ngumu kwa watu wetu. "Kwa nini pale ni parefu hivyo?" si swali, ni lawama iliyovaa alama ya kuuliza. "Ulitaka tukae kimya kwa muda gani pale?" hilo ni swali, na ukijibu unajikuta unasema jambo ambalo hukuwa umelifikiria. Tulimpa usukani mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mstaafu, mtu ambaye kazi ya maisha yake imekuwa kunyamazisha wanaopenda kuongea na kuwasemesha walionyamaza.

Mimi niliongeza swali langu: "Ni wapi ulianza kuwaza sambusa?" Walicheka, lakini walijibu, na walijibu kweli. Ukimuuliza mtu kama amependa, atakulinda. Ukimuuliza njaa ilimshika wapi, anakumbuka palepale.

Shangazi alikaa kimya mpaka hatua ya mwisho, akaomba ruhusa kama alivyoelekezwa, kisha akasema: "Mwanangu, huyo kungwi wako anamaliza maneno yote mwenyewe. Sisi hatumalizi. Naanza mimi, ukumbi unamalizia. Wasipomalizia, ujue hawajaelewa, au wameelewa sana wanaona haya." Akanisimamisha. "Haya, sema tena pale pa ufunguo."

Kwenye mchezo nilikuwa na karibu ukurasa mzima wa kungwi akimweleza bibi harusi kwamba mwanamke awe na akiba yake ambayo mume haijui. Nikasema, "Ukishampa mumeo ufunguo wa mlango..." halafu nikaacha. Mkekani mtu akadaka, "Wa kabati ubaki nao!" Mwingine: "Na wa kabati mpe, wa kibubu uumeze!" Ua mzima ukaangua kicheko, na yule binti wa kuolewa akawa wa kwanza kupiga vigelegele. Ukurasa wangu wote ulikuwa umekwisha kwa maneno matano na jibu la watu.

Hapo hata nusu ya pili ikafunguka. Kungwi akiwa ukumbini, anaanza na watu wanamalizia. Akirudi kwake, anaanza vilevile, kwa mazoea, lakini sasa maneno ni ya nyumba yake, hakuna mtu anayejua yanaishia wapi. "Yule aliyeondoka na godoro..." na ukumbi haumalizii. Sihitaji tena kumfanya aeleze kwamba ni mpweke. Hotuba nimeitoa yote.

Kutunga mbele ya watu kwa namna hii si jambo geni Afrika Mashariki. Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru, Kenya, mwaka 1977, mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, yalifanyika hadharani, na wanakijiji waliokuja kutazama walikuwa wakiwasahihisha waigizaji: mzee haongei hivyo, kazi hii haifanywi hivyo. Serikali iliupiga marufuku mchezo ule baada ya wiki chache, na sidhani kama kilichoiudhi ni maneno ya jukwaani peke yake.

Zamu ya mcheza dansi ndiyo iliyotutia wasiwasi. Alicheza akiwa ametupa mgongo mwanzo hadi mwisho, bila muziki, bega moja likiongoza na jingine likichelewa kidogo kufuata. Alitaka kujua kama mtu anaweza kufuatwa bila kuonekana uso. Jirani yangu akaanza, "Samahani, kwani wewe ni..." Mwalimu akamkata kwa upole: maswali yawe ya kazi, maisha ya mtu si kazi tuliyoletewa. Jirani akafikiri kidogo, akauliza upya: "Ulitaka tusubiri kwamba utageuka?" Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya jioni ile. Mwenzetu alikiri kwamba ndiyo, na kwamba hajaamua kama atageuka.

Kulikuwa pia na swali la "ujumbe". Hilo hulikwepi Tanzania. Kwa miaka mingi michezo imelipiwa na miradi, iwe ya malaria, Ukimwi au ukatili, na watu wamezoea kwamba mwishoni atasimama mtu aseme tumejifunza nini. Inaniudhi, maana chanzo chake kilikuwa kingine kabisa. Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipofanya kazi Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walitaka wanakijiji wenyewe waseme tatizo lao na kulichezea ngoma na michezo yao. Baadaye ndipo ujumbe ukawa unafika umeshafungwa kwenye bahasha. Aliponiuliza kaka mmoja ujumbe wangu ni nini, mwalimu alimrudishia: "Wewe umeondoka na nini?" Akasema ameondoka akiwaza mama yake analala saa ngapi. Niliandika.

Madokezo yote tuliyaandika kwa mkono kwenye daftari, na nilikaa nayo kwa muda kabla ya kugusa mchezo. Aliyeniambia kilichompata yeye nilimwamini moja kwa moja. Aliyeniambia niandike vipi, nilitafuta tu ni kitu gani kilimkera hadi akapendekeza. Mtu alishauri mume atokee mwishoni. Mume sikumweka, ila niligundua kuwa hakuna mahali nilipotaja jina lake, sasa nimelitaja.

Shangazi ameshaniuliza mara inayofuata ni lini, kwa sababu ana wenzake wawili anaotaka kuwaleta "waone unavyotusema". Nimemwambia awalete, na safari hii nimewatengea nauli na kitu kidogo kwenye bajeti, pamoja na mwalimu. Fundi wa spika nikimkodi simlipi hongera.