Kuunguza kovu la moyo kwa katheta

Aliyewahi kupata shambulio la moyo hubaki na kovu kwenye msuli. Kovu lenyewe halipitishi umeme. Balaa ni zile nyuzi chache zilizosalimika ndani yake: umeme hujikokota humo, na ukitokeza upande wa pili unakuta msuli wa jirani umeshapumzika, basi unazunguka tena na tena. Ventrikali, chumba cha chini cha moyo, inapiga mara 180 kwa dakika, presha inaporomoka, kifaa cha kushtua moyo alichopandikizwa mgonjwa kinafyatua.

Tiba ni kuziunguza nyuzi hizo kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa ya damu. Wengi hudhani daktari huyaamsha mapigo hayo kisha akayasaka. Mara nyingi haiwezekani, mgonjwa angezimia mezani. Kwa hiyo ramani huchorwa moyo ukiwa umetulia. Katheta hupitishwa kwenye kinena hadi ventrikali ya kushoto, kwa njia ya aota, mshipa mkuu wa damu, au kwa kutoboa ukuta kati ya atria mbili, vyumba vya juu vya moyo, na ncha yake ikagusishwa nukta kwa nukta kupima umeme wa msuli. Zaidi ya milivolti 1.5 ni msuli mzima. Chini ya 0.5 ni kovu zito. Kinachosakwa hasa ni vijiwimbi vinavyochelewa, vinavyojitokeza baada ya QRS, alama ya mpigo wa ventrikali kwenye mchoro wa umeme wa moyo, kwisha. Hapo ndipo pa kuunguza.

Ncha ya milimita 3.5 hutoa wati 30 hadi 50 huku ikipozwa kwa maji ya chumvi. Ukinzani wa umeme ukishuka kama omu 10, mchomo umeshika. Usiposhuka, aghalabu ncha haijagusa vizuri: rekebisha mguso kwanza, usikimbilie kuongeza wati. Joto ndani ya msuli likifika nyuzi 100, mvuke huupasua kwa mlio. Ukiusikia, simamisha, angalia presha na ultrasaundi. Huenda damu inajaa kwenye mfuko wa moyo.

Hatari inayosahaulika ni hayo maji. Mililita 30 kwa dakika, kwa dakika 40 za kuunguza, ni lita 1.2 kwa mtu ambaye moyo wake tayari umechoka. Mapafu hujaa. Mpira wa mkojo uwepo, hesabu ya maji iandikwe, furosemidi, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, iwe karibu.

Bonge la damu likionekana ndani ya ventrikali kabla ya kuanza, ahirisha; hakuna haraka inayostahili kuleta kiharusi. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, idumishe ACT, kipimo cha muda wa damu kuganda, juu ya sekunde 300. Na kile kifaa cha kushtua moyo, kilichozimwa ili kisifyatue wakati wa kazi, kiwashwe mgonjwa akiwa bado mezani, si wodini.