Matangi sita ukutani

Mwaka 2017 nilikuwa na duka la spea za pikipiki pale Uyole, Mbeya, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu, na nilikuwa najiona nimeshatoboa. Ukutani nilitundika matangi sita ya Boxer, mekundu na ya bluu, yanang'aa hatari, mtu akipita barabarani lazima ageuze shingo. Shida ni kwamba waligeuza shingo tu wakaendelea na safari zao.

Novemba mvua zikaanza. Kama unaijua ile njia ya Isyonje kipindi cha viazi utaelewa, boda anashuka na gunia kwenye tope, brek shuu zinaisha kama sabuni, tairi za kashata, zile zenye meno, zinagombaniwa. Jumatatu moja asubuhi wakaja boda wanne, huyu anatoka yule anaingia, wa kwanza brek shuu hakuna, wa pili tairi la nyuma hakuna, wa tatu plagi, nikapekua weee nikakuta boksi tupu, wa nne hata sikumbuki alitaka nini maana aibu ilishanishika nikamwambia we rudi jioni. Wote nawaona wanaingia kwa jirani. Na hela ya kuagiza mzigo Kariakoo sina, hela yenyewe si ndo ile imetundikwa ukutani.

Bamdogo alikuwa amekuja kutoka Tukuyu siku hiyo, kakaa kwenye benchi anakunywa chai na chapati, kimya. Alikuwa stoo kipa miaka mingi mpaka anastaafu. Alipomaliza akafuta mikono akasema, "Mwanangu, lete kaunta buku."

Tuliandika kila kitu cha dukani, aina 131, mpaka saa mbili usiku kwa tochi ya simu maana umeme nao ulikatika. Mbele ya kila kimoja, kwa mwezi kinatoka ngapi, nanunua shingapi, zidisha. Tairi 22 kwa 38,000, hiyo ni 836,000. Oili chupa 90 kwa 6,000, hiyo 540,000. Tangi, halijatoka hata moja, tena ndani ya miezi minne! Halafu akapanga upya kuanzia chenye hela kubwa, anajumlisha huku anashuka, alipofika kitu cha 23 akapiga mstari kwa rula. Juu ya mstari kulikuwa na milioni 2.7, na duka zima ni milioni 3.4.

"Hawa 23 ndo wanakulisha. Hawa A, wahesabu kila jioni, agiza kidogo kidogo wasikuishie wala wasikulalie. Hawa wanaofuata B, mara moja kwa mwezi inatosha. Nati, washa, bulbu, hizo C, nunua boksi zima usahau."

"Na matangi?"

"Hayo mapambo."

Baadaye sana nikaja kusoma kwamba hizo A, B, C zilianza kuandikwa na jamaa mmoja wa kampuni ya General Electric kule Marekani mwaka 1951, na mzizi wake ni mchumi wa Kitaliano, Pareto, ila bamdogo hata hakuwataja, kwake yeye ilikuwa tu ndo stoo inavyoendeshwa.

Tulichobishania ni plagi. Plagi hela yake kwa mwezi ilikuwa ndogo, ikaangukia C huko chini na washa. Nikasema hapana bamdogo, anayekuja plagi ndo huyo huyo anachukua na oili, akikosa plagi na oili ananunua hukohuko kwa jirani. Akasema hesabu ni hesabu. Nikamkumbusha yule boda wa asubuhi. Akanyamaza, akalamba kidole, akaifuta ile C mpaka karatasi ikaota manyoya, akaandika a pembeni, ndogo kabisa kama vile hataki niione.

Kesho yake matangi manne niliyapeleka Mwanjelwa kwa muuza jumla, nilinunua 85,000 nikamwachia 70,000, iliniuma we acha tu. Ile 280,000 ikaenda Dar ikarudi na basi la usiku, tairi saba na plagi tisa, nauli ya mzigo alitoa bamdogo mfukoni kwake. Tangi la tano nililiuza mwaka uliofuata. Lile la mwisho, jekundu, lipo nyumbani Igawilo, watoto wanalikalia kama farasi.