Ile karatasi ya "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" sio sheria jamani

Mwezi uliopita nilinunua brenda Kariakoo, 85,000. Muuzaji akaichomeka ikanguruma vizuri, nikalipa nikapanda zangu daladala. Sasa kuijaribu jagi likiwa tupu na kusaga embe lenye barafu ni vitu viwili tofauti, siku ya tatu tu ikaanza kunuka waya unaoungua, moshi ukatoka kule chini kwenye mota, ikazima mazima. Mama ndo alikuwa anasaga, nashukuru Mungu aliichomoa haraka.

Kesho yake nikairudisha. Yule kaka hata boksi hakulifungua, akanyoosha kidole ukutani palipobandikwa karatasi, BIDHAA IKIUZWA HAIRUDISHWI, akaniambia dada si uliiona inawaka? Nikakosa cha kujibu, nikarudi nayo nyumbani. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba niliamini kabisa, yaani miaka yote naiona ile karatasi, mpaka kwenye risiti wanagonga mhuri wake, nikajua ndo sheria ya nchi.

Binamu yangu anayesoma sheria ndo akanikalisha chini. Kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hiyohiyo iliyounda Tume ya Ushindani ambayo wengi tunaiita FCC, na kwa sheria hiyo kitu unachouziwa kwa matumizi ya nyumbani lazima kiwe na ubora unaostahili na kifae kwa kazi yake, hata kama hamkuandikishana popote, na muuzaji hawezi kulifuta hilo kwa karatasi ya ukutani. Ila tuelewane, hapa tunaongelea kitu kibovu. Ukifika nyumbani ukaona rangi haiendani na makabati, hapo unategemea roho nzuri ya muuzaji.

Akaniomba risiti. Nikaitoa, imeandikwa 20,000! Nikakumbuka kijana wa kaunta aliniuliza "nikuandikie ngapi dada" nikamwambia yoyote tu, nina haraka. Jamani msifanye hivi. Ile risiti ya EFD tunaiona kama mambo ya TRA na mwenye duka, kumbe ndo ushahidi wako wewe, na hapo nilikuwa nimejikatia 65,000 kwa mdomo wangu. Kilichoniokoa nililipa kwa simu, meseji ya muamala ipo, kiasi, tarehe na saa.

Halafu inanishangaza, simu mimi sinunui kabla sijabonyeza *#06# nikatuma ile namba ya IMEI inayotokea kwenda 15090 kuhakikisha sio feki, tangu TCRA wazime simu feki Juni 2016 nimezoea, ila kitu kinachoweza kumuunguza mama jikoni sikuuliza hata waranti.

Jumatatu nikarudi dukani. Sikugombana, nikaonyesha meseji, nikasema brenda ni mbovu na mkikataa naandika malalamiko FCC. Bosi mwenyewe akaja, akaifungua akainusa, akaagiza iletwe nyingine. Nikaomba tuijaribu na barafu, kijana akatumwa kwa muuza juisi wa jirani akaleta kikombe, tukasaga palepale kaunta dakika mbili nzima mkono wangu uko kwenye mota nasikiliza joto. Risiti mpya imeandikwa 85,000 kamili, nikaipiga picha kabla sijatoka dukani maana wino wa zile karatasi unafutika.